Mashine ya kuchomelea: transfoma au inveta kwa karakana ndogo?

Anayefungua karakana ndogo ya mageti na grili akienda kutafuta mashine, Gerezani au Kariakoo jijini Dar es Salaam, ataonyeshwa vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Cha kwanza ni transfoma: sanduku la chuma linalobebwa na watu wawili, ndani yake mabati yaliyobanwa pamoja na koili za shaba au aluminiamu, mara nyingi limesukwa na mafundi wa hapahapa. Cha pili ni inveta: kisanduku cha kilo nne hadi nane chenye mkanda wa begani, feni nyuma na namba zinazowaka mbele. Muuzaji wa inveta atakwambia transfoma inamaliza LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Fundi aliyekulia kwenye transfoma atakwambia inveta ni mdoli, itakufa kabla ya masika. Kila mmoja ana nusu ya ukweli.

Ninachozungumzia hapa ni kuchomelea kwa rodi tu, katika karakana ya kawaida ya Tanzania: umeme wa volti 230, kazi za pipe za skwea, flatibaa na engo, na mara mojamoja tela au chasi.

Anza na mita yako

Rodi ya milimita 2.5 inataka kama ampea 80, ya 3.2 inataka kama 120. Hizo ni ampea za upande wa rodi. Upande wa ukutani hesabu ni nyingine, na hapo ndipo mashine hizi zinapoachana (njia moja ni laini moja na nyutro, njia tatu ni laini tatu):

| Kazi | Inveta | Transfoma |
|---|---|---|
| Rodi ya 2.5, umeme wa njia moja | kama ampea 14 | kama ampea 24 |
| Rodi ya 3.2, umeme wa njia moja | kama ampea 22 | kama ampea 39 |
| Rodi ya 3.2, laini mbili za njia tatu (volti 400) | haiwekwi huko ikiwa ni ya volti 230 | kama ampea 23 |

Nimekadiria ufanisi wa asilimia 85 kwa inveta na 60 kwa transfoma, na pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli, ya 0.7 kwa inveta na 0.55 kwa transfoma. Mashine yako inaweza kupanda au kushuka kidogo, lakini picha haibadiliki.

Sasa tazama soketi. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13. Inveta yenye rodi ya 2.5 inaigusa mpaka wake, na kwa kuwa mchomeleaji huacha na kuanza, inavumilia. Ukiweka rodi ya 3.2 plagi inaanza kunuka. Transfoma haina kazi kabisa kwenye soketi ile, na kila fundi umeme ameshaona kinachofuata: fyuzi inatolewa, kipande cha waya kinawekwa mahali pake, au plagi inakatwa na nyaya tupu zinachomekwa kwenye soketi kwa njiti za kiberiti. Mashine inafanya kazi. Waya uliomo ndani ya ukuta ndio unaopika polepole.

Kwa hiyo kama una njia moja tu, na hasa kama karakana imeegemea nyumba ya kupanga yenye waya wa zamani, transfoma ya kuchoma rodi ya 3.2 siku nzima imeshajiondoa yenyewe. Taa za majirani zitakuwa zinapepesa kila ukigusa chuma. Mahali pake ni kwenye njia tatu, na zipo nyingi zilizosukwa ili zichukue laini mbili. Hapo kuna mtego mmoja: mashine zenye kiteuzi cha 220 na 380. Kikiwa kwenye 220 na wewe ukaunganisha laini mbili, koili haitakupa nafasi ya kusahihisha. Kiangalie kila mashine inapohamishwa, hata kama ulikiangalia jana.

LUKU: madai ya nusu bili

Muuzaji hubana waya wa transfoma kwa mita ya klampu, inasoma ampea 24. Anabana wa inveta, inasoma 14. "Umeona? Karibu nusu." Umeona ampea, ndiyo. Lakini LUKU ya mteja mdogo inahesabu uniti, yaani kilowati kwa saa, na sehemu ya zile ampea za transfoma zinakwenda na kurudi bila kuhesabiwa.

Chukua siku yenye saa mbili kamili za moto wa rodi ya 2.5, ambayo ni siku ya kazi nyingi, maana muda mwingi wa fundi unaishia kwenye kupima, kukata na kupiga grainda. Inveta itakula kama uniti 4.4, transfoma kama 6.2. Akiba ni chini kidogo ya theluthi. Ongeza kidogo kwa sababu transfoma iliyoachwa imewashwa inaendelea kunywa umeme hata rodi ikiwa imening'inia. Ni akiba ya maana kwa mwaka, ila haifiki ile nusu uliyoahidiwa.

Akiba kubwa ya inveta iko kwenye nyaya: ampea chache zinamaanisha kebo nyembamba zaidi, breka ndogo zaidi, na pengine kutolazimika kuomba njia tatu.

Shoti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanahofia upande usio sahihi au hawahofii kabisa.

Kila mashine ya kuchomelea ina umeme wa aina mbili. Kuna wa kuingia, volti 230 au 400, na kuna wa kutoka, ambao kabla rodi haijagusa chuma huwa kati ya volti 50 na 90 hivi. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, IEC 60974-1, kinaweka mwisho wa volti 80 kwa umeme unaogeuka-geuka, ule wa transfoma, na 113 kwa umeme unaokwenda upande mmoja, ule wa inveta nyingi. Mahali penye hatari zaidi, kama ndani ya tangi, juu ya chuma kilicholowa, au palipobana kiasi kwamba mwili unaegemea chuma, transfoma inashushwa hadi volti 48. Sababu ya kutofautisha ni kwamba kwa volti zilezile umeme unaogeuka-geuka ni rahisi zaidi kuuvuruga moyo. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali kama hapo huwa na herufi S ndani ya mraba kwenye kibati chake cha maelezo.

Kwa hiyo hapa inveta inashinda, hasa ikiwa na kifaa kinachoshusha volti za rodi hadi chini ya 35 mpaka rodi iguse chuma. Kwa anayechomelea akiwa amelowa jasho la Dar es Salaam mwezi wa Februari, hilo si pambo. Glavu ya ngozi iliyolowa haizuii umeme kama kavu.

Transfoma ya kiwandani, au ya fundi anayejua kazi yake, iko salama vya kutosha. Tatizo ni zile za kusuka bila mpangilio. Baadhi zina koili moja iliyokatwa katikati badala ya mbili zilizotengana. Inachoma vizuri tu, lakini upande wa rodi umeungana na umeme wa ukutani, na siku laini na nyutro zikibadilishana nafasi, holda yako, kile kishikio cha rodi, ina volti 230 dhidi ya ardhi. Nyingine zimeongezewa volti ili rodi iwake upesi, na mteja anasifia "inawasha vizuri hii".

Kuzipima si kazi ngumu. Mashine ikiwa imechomolewa, swichi yake ikiwa upande wa kuwasha, weka multimita kwenye ukinzani: gusa ncha moja kwenye laini ya plagi na nyingine kwenye mlango wa kutokea rodi. Isiwepo njia kabisa. Rudia kwa nyutro. Kisha gusa mguu wa ethi wa plagi na bodi ya mashine, sehemu isiyo na rangi: hapo lazima njia iwepo. Mwisho, mashine iwashwe bila kuchomelea, upime volti za kutoka. Transfoma ikizidi 80, iache dukani. Multimita haitagundua gamba la koili lililochoka, hilo linahitaji kipimo cha volti 500 cha fundi umeme, lakini itazikamata zile mbaya kabisa.

Inveta nayo ina lake. Ndani yake umeme wa ukutani unageuzwa kuwa kama volti 325 za upande mmoja na kuhifadhiwa kwenye kapasita, nazo zinabaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Usifungue "kuangalia tu". Na ikifungwa bila ethi, vichujio vyake vinapeleka umeme kidogo kwenye bodi, ndiyo maana watu hulalamika kwamba mashine mpya "inatekenya". Inatekenya kwa sababu ethi haipo. Siku kitu kikilegea ndani, haitatekenya tena.

Watu wengi wenye swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30, wanadhani imewakinga kotekote. Inakinga upande wa kuingia: kebo iliyochubuka, bodi iliyopata umeme. Upande wa rodi haiuoni, maana koili mbili zilizotengana zimeuficha. Huko kinga yako ni glavu kavu, viatu vyenye soli nzima, ubao mkavu wa kusimamia, na kutobadilisha rodi kwa mkono mtupu.

Moto wenyewe

Kwa pipe za skwea zenye unene wa milimita 1.2 au 1.5, ambazo ndizo mageti mengi ya siku hizi, sioni ubishi. Inveta inashuka hadi ampea 40 au 50 bila moto kukatika, inakubali rodi ya milimita 2, na ukiweka rodi upande wa hasi chuma hakitoboki ovyo. Transfoma ya kufunga bolti, ile unayobadilisha ampea kwa kuhamisha bolti, ina hatua tatu au nne tu. Ile ya kubadilisha ampea kwa mkono wa kuzungusha ni bora zaidi, lakini kwenye ampea za chini moto wake unayumba.

Rodi ya kawaida ya E6013 inakubali mashine zote mbili. E7018, ya kazi inayobeba mzigo, inapenda upande wa chanya wa inveta, na kwenye transfoma nyingi ndogo inakataa kuwaka au inaganda. Transfoma inalipiza kwenye chuma kinene: kwenye pembe za chasi umeme wa upande mmoja huwa unapeperusha moto kando kwa nguvu za sumaku, wa transfoma haufanyi hivyo.

Soma pia namba ya muda. Kwenye kibati utaona ampea na asilimia, kwa mfano 160 na 60%. Maana yake ndani ya kila dakika kumi unachoma sita na kupumzika nne, kwenye joto la nyuzi 40. Inveta za bei ya chini zimeandikwa 250 au 300 kwa herufi kubwa mbele, na kibati cha nyuma kinasema jambo jingine, au hakipo. Kisanduku cha kilo nne kinachojiita 300 kinajisifu. Kwenye kibati hicho hicho tafuta I1max na I1eff, ampea za kuingia. Hizo ndizo fundi umeme atakazotumia kuchagua breka na kebo. Mashine isiyo na kibati, iwe transfoma au inveta, inamlazimisha fundi huyo kubahatisha.

Vumbi, jenereta na matengenezo

Hapa transfoma inashinda waziwazi. Haina cha kuogopa isipokuwa maji na joto la kupita kiasi. Umeme ukishuka, moto unapungua nguvu, basi. Koili ikiungua, mtaa hauna uhaba wa mafundi wa kusuka mota watakaoirudisha.

Inveta ni saketi za elektroniki, na feni yake inavuta chochote kilicho mbele yake. Vumbi la grainda ni chuma, nalo linajipanga juu ya bodi ya saketi mpaka siku linapounganisha pasipotakiwa. Usiiweke chini, kwenye njia ya cheche za grainda. Ichomoe, iache itulie, ipulize kwa upepo mkavu kupitia matundu yake, na kama uko pwani fanya hivyo mara nyingi zaidi kwa sababu chumvi na unyevu vinashirikiana na vumbi hilo. Umeme unaocheza ni adui mwingine: mashine nyingi zinavumilia asilimia 15 juu au chini, zaidi ya hapo nzuri inajizima na mbaya inaunguza transista. Kwenye jenereta, usiunge inveta kwenye kijenereta cha kilowati mbili ukitegemea miujiza. Kwa rodi ya 2.5 tafuta kVA tano au zaidi, iwashe jenereta kwanza itulie, ndipo uwashe mashine.

Kabla ya kulipa, uliza nani anaitengeneza na vipuri anavitoa wapi. Jibu la "haiharibiki" ni jibu tosha la kuondoka.

Kuifunga

Kwa mashine zote mbili, laini yake iwe peke yake kutoka kwenye swichi kuu, yenye breka inayoendana na kibati, na soketi ya viwandani ya ampea 32 badala ya ile ya nyumbani. Inveta ya rodi ya 3.2 inatosheka na kebo ya milimita mraba 4 kwa umbali mfupi. Transfoma kwenye njia moja inataka zaidi, na hilo aamue fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, baada ya kuona umbali na njia ya waya. Kuunga kabla ya mita kunafanyika, tunajua. Mbali na kuwa wizi, huko hakuna breka yako: kebo ikigusana, kinachokatika kwanza ni kitu kilichoko kwenye nguzo.

Ekstensheni ya kwenye roli ifunguliwe yote. Ikiwa imejikunja inahifadhi joto mpaka plastiki inashikamana.

Kebo ya rodi na ya ethi ya kazi ziwe za milimita mraba 16 kwa ampea 120 hivi, 25 ukifika 160 na kuendelea. Klampu ibane chuma unachochomelea, karibu na mahali pa moto, rangi na kutu vikiwa vimekwanguliwa. Wapo wanaoibana kwenye nguzo ya paa au bomba la maji kwa kuwa "chuma chote ni kimoja". Umeme wa ampea mia unatafuta njia ya kurudi, na ukiipata kupitia waya wa ethi wa jengo, utauchoma ndani ya ukuta bila mtu kujua, na mashine zako zote zitakuwa hazina ethi. Ukichomelea kwenye gari, chomoa betri kwanza.

Mahali zinapolingana

Macho, ngozi na mapafu havijui umeme umetoka mashine gani. Miwani ya jua haifai hata kwa dakika moja. Kioo namba 10 au 11 kinatosha kwa ampea hizi, kikiwa kwenye ngao inayofunika uso mzima na shingo. Macho yaliyopigwa na mwanga huanza kuwasha baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, kana kwamba yamejaa mchanga. Huo ni wakati wa kwenda hospitali, wala si wa kujaribu dawa za mtaani. Na karakana nyingi ziko kandokando ya barabara ambako watoto wanapita kutoka shule. Bati la kukinga mwanga, hata la kuegesha tu, ni sehemu ya mashine.

Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Bati na bomba zenye zinki zina lao zaidi: moshi wake unaleta homa na baridi jioni ile ile. Maziwa yanayonywewa baadaye kama dawa yanaingia tumboni. Moshi uliingia kwenye mapafu. Kwangua zinki kabla ya kuchomelea, fanya kazi nje, kaa upande unakotoka upepo. Tangi au pipa lililobeba mafuta, hata likiwa limekauka mwaka mzima, lisiguswe na moto wa rodi. Ukiajiri vijana, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakudai vifaa vya kujikinga uwape wewe.

Ningechagua ipi

Njia moja, mageti na grili, kazi za kwenda kwa mteja: inveta yenye kibati kinachosema ampea 160 kwa asilimia 60, na kinachobaki kwenye bajeti kiende kwenye laini yake, ethi na ngao ya uso. Ningenunua ndogo yenye kibati cha kweli kuliko kubwa ya maandishi tu.

Njia tatu, tela na chasi, karakana iliyotulia mahali pamoja yenye vumbi la kutosha: transfoma ya mkono wa kuzungusha, iliyofungwa bodi, iliyopita vipimo vya multimita hapo juu. Na kama kazi za pipe nyembamba zinakuja kila wiki, inveta ndogo ya kuisaidia.

Ukinunua iliyotumika, ya aina yoyote, nenda na multimita na rodi mbili tatu. Ichomee rodi nzima bila kusimama, halafu shika plagi na kebo zake karibu na milango ya kutokea. Panapounguza mkono ndipo penye kiungo kibovu, na hapo ndipo pa kuanzia kushusha bei.